Kila mmea ninaouingiza ndani unakufa. Nina mkono gani huu?

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma safu hii muda mrefu kwa ajili ya mambo ya wengine, leo naleta langu. Wenzangu wanakuandikia kuhusu ndoa na madeni, mimi naandika kuhusu maua. Nakuomba usilione dogo.

Nina miaka 34, ni mhasibu. Tunaishi Tabata, ghorofa ya pili, mimi, mume wangu, mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Kwetu ni Marangu. Marehemu mama yangu alikuwa na mkono: kijiti alichochomeka ardhini leo, wiki chache baadaye kilikuwa kimechipua. Kihamba chake kilikuwa kijani mwaka mzima, migomba, kahawa, na masale pembeni yakiuzunguka uwanja wote. Amefariki mwaka jana. Niliporudi Dar baada ya msiba, wenzangu wa ofisini walinichangia wakaniletea ua dogo la zambarau kwenye kikopo, lile lenye majani ya manyoya manyoya. Walisema liniliwaze. Halikumaliza wiki tano.

Hilo lilikuwa la sita. Kabla yake nimeshaua kangaga wa kuning'inia, begonia wawili, waridi, na mmea mmoja wenye majani makubwa ya madoa meupe ambao jina lake sikuuliza.

Siyo kwamba naitelekeza, Shangazi. Kila asubuhi kabla ya kutoka namwagilia kikombe, kile cha bati cha nusu lita. Nikisafiri kikazi Dodoma, kama siku tisa kila mwezi, dada anaendelea na zamu yangu. Naye ana huruma: hata nikiwepo, jioni akimaliza vyombo anaongeza kikombe chake kwa sababu anaona udongo wa juu umekauka. Nimenunua vyungu vizuri vya kauri, vyeupe, visivyovuja hata tone, meza haichafuki. Bado majani huanza kuwa ya njano kutoka chini, yanalegea, nikiyaona yamelegea najua yana kiu, naongeza maji. Mwishowe shina linakuwa laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

Jirani ananiambia mkono wangu una moto, hauoteshi. Shangazi yangu wa Moshi anasema niache kabisa, mimea ndani ya nyumba usiku inamvutia mtoto hewa. Muuzaji naye anasema inasafisha hewa. Sijui nimsikilize nani. Nataka kitu kimoja tu cha kijani sebuleni, nikikitazama nikumbuke nyumbani. Kama upo mmea usiokufa, niambie. Kama kuna watu ambao Mungu hakuwapa mkono, niambie pia, nikubali yaishe.

Mkono wa Moto, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kikombe cha nusu lita asubuhi, kingine jioni: hiyo ni lita moja kwa siku, lita saba kwa wiki. Chungu cha mezani chenye upana wa sentimita 20 hubeba udongo wa lita nne hivi. Kwa hiyo kila wiki mmea wako ulipewa maji yanayokaribia mara mbili ya udongo wenyewe, ndani ya chungu kisicho na tundu. Hayo maji yalikuwa yaende wapi? Mkono wako hauna moto. Mimea yako ilizama, na iliyozamisha ni mikono miwili yenye upendo, wako na wa dada.

Nataka hili ulielewe vizuri, maana ukilielewa nusu ya kazi imekwisha. Mizizi inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna vinafasi vidogo vyenye hewa, na mizizi huishi kwa hewa hiyo kama inavyoishi kwa maji. Udongo ukilowa kutwa kucha, vinafasi vyote vinajaa maji, mizizi inakosa hewa na kuanza kufa, kisha vimelea vya kuozesha vinaingia na kumalizia. Sasa sikiliza sehemu inayowaponza watu wengi: mzizi uliooza hauwezi tena kupandisha maji. Mmea unakuwa umesimama ndani ya maji huku majani yake yana kiu. Yanalegea. Wewe unaona kiu, unaongeza maji. Ndiyo maana nasema usijilaumu, dalili ya kuzama na dalili ya kiu kwa macho zinafanana, na wewe ulifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya.

Kinachozitofautisha ni udongo. Chukua kijiti cha mshikaki, kisafi na kikavu, kichomeke hadi karibu na chini ya chungu, kiache dakika kumi, kitoe. Kikitoka na udongo umegandia au kimebadilika rangi kwa unyevu, ondoka, usimwagilie. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, mwagilia. Usiuamini udongo wa juu, huo Dar hukauka kwa siku moja tu kwa joto na feni, ndio uliomdanganya dada. Ukishazoea, hata kijiti hutakihitaji, utanyanyua chungu tu: chenye maji ni kizito, kilichokauka chepesi, na mkono unajifunza haraka kuliko unavyodhani. Huo ndio mkono wa mama yako. Hakuzaliwa nao, alikaa na mimea mpaka akaijua uzito wake.

Vile vyungu vyeupe usivitupe. Mmea uukalishe kwenye kopo la plastiki lenye matundu chini, kisha kopo liingie ndani ya chungu cheupe kama vazi. Siku ya maji, litoe kopo, lipeleke bafuni, mimina taratibu mpaka maji yatoke chini, liache lichuruzike nusu saa, lirudishe. Meza yako itabaki safi. Na maji yasibaki kwenye chungu wala kwenye kisahani cha chini. Hapa siongelei mizizi tu: mbu wa dengue, yule mwenye madoa meupe miguuni, hutaga kwenye maji madogo madogo kama hayo ya majumbani, na Dar tuliyaona ya mwaka 2014 na tena 2019. Una mtoto mdogo ndani. Kisahani chenye maji usikiruhusu.

Kabla sijakutajia mimea, nimalize ya shangazi yako na ya muuzaji, kwa sababu wote wawili wanasema kwa nia njema.

Ni kweli mmea hupumua usiku na kutumia oksijeni, lakini kwa kiasi kidogo mno. Wewe na mume wako mnalala chumba kimoja na mtoto, na kila mmoja wenu anavuta hewa nyingi kuliko chungu kizima cha maua, mbona hatukatazani kulala pamoja? Mwambie shangazi kwa heshima kwamba mtoto yuko salama. Habari ya kusafisha hewa nayo ilianzia mbali. Mwaka 1989 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walifungia mimea kwenye masanduku yasiyopitisha hewa, wakakuta kemikali fulani zimepungua. Sebule yako si sanduku. Mwaka 2019 watafiti wengine walikusanya matokeo ya majaribio ya aina hiyo na kupiga hesabu ya nyumba halisi: ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Fungua dirisha. Mmea uweke kwa sababu unaupenda, na wewe sababu yako ni nzito kuliko hewa safi.

Sasa mimea yenyewe. Angalia uliyokuwa ukinunua: kangaga, begonia, waridi, na ua la zambarau. Wote ni wa kubembelezwa. Hilo la zambarau nadhani ni violeti ya Usambara, na lina habari ambayo ningependa uijue. Limetoka kwetu, Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na kutoka hapo likaenea madirishani duniani kote, Wajerumani mpaka leo wanaliita violeti la Usambara. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu wa msitu, mizizi yake ni mifupi na myembamba, na maji yakituama katikati ya majani yake moyo unaoza. Ulipewa mmea mgumu kuutunza, ukiwa na majonzi, ukaumwagilia kama unavyomwagilia waridi. Likafa. Wengi wenye uzoefu wamelipoteza vilevile. Usilibebe moyoni.

Anza na mimea inayobeba maji yake yenyewe.

Wa kwanza ni zamiokulkasi, ambao wauzaji wa kando ya barabara hufupisha kuwa ZZ. Una vijiti vinene vilivyosimama na majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, hata watu hudhani ni ya plastiki. Siku utakayoununua mwombe muuzaji autoe kidogo kwenye kopo uone chini: utakuta viazi, vya kahawia, vinono, vimebanana. Hilo ndilo ghala lake la maji. Na huu nao ni wa kwetu kabisa, asili yake ni ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kupitia Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Mvua ikikatika unasubiri kwa viazi vyake, na ukame ukizidi unaangusha majani halafu unachipua tena. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, ndipo ukawa mmea wa maofisini dunia nzima. Kwa safari zako za siku tisa, ZZ hautajua kwamba uliondoka. Kipindi cha joto la kaskazi mwagilia kila wiki mbili au tatu, kipupwe kikiingia unaweza kufika wiki nne. Lakini kijiti kwanza, kalenda baadaye.

Wa pili ni sansevieria, ile ya majani marefu, magumu, yaliyosimama kama panga, mingine ina mstari wa njano pembeni. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kongo. Siku hizi wataalamu wameihamishia ukoo mmoja na masale, na mkonge nao ni jamaa yake wa mbali kidogo, kwa hiyo uvumilivu ni wa kurithi. Inakubali kona yenye mwanga hafifu, inakubali kusahauliwa. Haikubali kitu kimoja tu, miguu yake kukaa kwenye maji.

Klorofitumu, ile ya majani membamba yanayomwagika kama chemchemi na kuzaa vitoto vinavyoning'inia, nakuongezea kwa ajili ya mtoto. Haina sumu. Hao wengine lazima niseme: ZZ una chembechembe ndani yake zinazochoma mdomo na ulimi mtoto akitafuna, na ule wako wa majani makubwa yenye madoa meupe, kama ni dumbkeni ninayoifikiria, ni mkali zaidi, unaweza kuvimbisha koo. Usinunue tena mpaka mtoto akue. ZZ upandishe juu ya kabati. Ikitokea ameng'ata jani lolote, msafishe kinywa kwa maji, na ukiona uvimbe au anashindwa kumeza, mpelekeni hospitali bila kungoja.

Mshubiri? Mzuri, mgumu, lakini unataka jua la kweli. Kama una kibaraza kinachopigwa jua asubuhi, weka huko. Ndani utarefuka na kulala.

Ambacho hakuna mmea utakaokusamehe ni giza, na nyumba zetu za mjini zina giza kuliko tunavyoona, kwa sababu macho yanazoea. Wavu wa mbu, nondo, pazia zito, ukuta wa jirani mita mbili mbele. Fanya hivi: saa nne asubuhi zima taa, kaa pale unapotaka kuuweka mmea, chukua gazeti, soma maandishi yake madogo kabisa. Ukisoma bila kukunja uso, ZZ na sansevieria wataishi hapo. Ukishindwa, usogeze karibu na dirisha, na pazia liwe wazi mchana. Dirisha la magharibi lina jua kali la alasiri, hapo rudi nyuma hatua moja, jani lisiungue.

Udongo wa bustani peke yake ndani ya chungu hushikana. Changanya udongo mafungu mawili, mchanga wa mto fungu moja, na fungu moja la makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa au chenga za mkaa zilizobaki chini ya gunia. Kiganja cha samadi iliyooza vizuri kinatosha mwaka mzima.

Kama mtaani kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, na juu ya udongo ukoko mweupe. Wanaonisoma Arusha wana tatizo la namna hiyo kwa sababu ya madini ya floraidi kwenye maji ya maeneo mengi huko, yale yale yanayotia meno rangi. Klorofitumu na jamii ya masale huyaonyesha haraka. Kinga maji ya mvua, au tumia yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi, hayana chumvi.

Na dada. Zungumza naye vizuri, asihisi amelaumiwa, maana alifanya kwa upendo. Mkabidhi kazi nyingine ya mimea: kila Jumamosi apanguse majani vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi huziba mwanga, na mtu anayepangusa jani hukutana na mdudu mapema. Maji yawe ya mtu mmoja tu, wewe.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Umeandika kwamba masale yameuzunguka uwanja wa mama. Mwanangu, sale ni drasena. Ule mmea unaouzwa kwa bei kubwa kwenye vitalu vya Barabara ya Bagamoyo, wenye shina kama muwa na majani marefu ya kijani yenye mstari wa njano, unaowekwa kwenye mapokezi ya mabenki, ni huo huo sale wa kwenu au ndugu yake wa tumbo moja. Hata kile kiitwacho mwanzi wa bahati, kinachouzwa ndani ya glasi ya maji kama kitu cha Kichina, si mwanzi, ni drasena kutoka Afrika ya Kati. Wewe unajua kuliko mimi maana ya sale Uchagani: ni mpaka wa kihamba, na mtu akikuletea jani lake kuomba msamaha, hukatai. Unatafuta mmea wa kukukumbusha nyumbani, na mmea huo uko mlangoni kwa mama.

Utakapokwenda Marangu, chagua shina lililokomaa, unene wa kidole gumba, kata kipande cha urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, chenye kichwa cha majani juu. Punguza majani ya chini. Funga uzi mwekundu upande wa chini ili usije ukaugeuza, zungushia gazeti, ulaze kwenye basi pamoja na ndizi zako. Ukifika Tabata acha kidonda kikauke usiku mmoja. Chomeka kwenye kopo lenye matundu, kina cha vidole vinne, mwagilia mara moja, weka kwenye mwanga usio na jua kali. Kisha kijiti chako cha mshikaki kikuongoze, udongo uwe na unyevu mdogo tu, usilowe. Majani mawili matatu yatanjanoka mwanzoni, hayo yaache yaende. Kabla ya wiki sita usiguse. Baada ya hapo shika shina kwa vidole viwili, vuta kidogo kwenda juu. Likikataa kutoka, limeshika.

Niandikie siku hiyo.

Shangazi